Meno haya ni ya nani?

Programu za kufufua picha zilizofifia zimejaa kwenye simu na kompyuta za Busia na Tororo. Baadhi humrudisha marehemu. Nyingine huleta mtu ambaye familia haimjui.

BUSIA/TORORO. Shangazi aliishika simu, akaisogeza mbali na uso, akairudisha karibu. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko vijana walivyotarajia. Kisha akauliza: "Meno haya ni ya nani?"

Picha ilikuwa ya kaka yake, aliyefariki zamani. Familia yao, Wasamia wenye ndugu pande zote mbili za mpaka, ilikuwa ikijiandaa kulijengea kaburi lake kwa saruji na kufanya ibada ya kumbukumbu. Ilihitajika picha moja ya kuweka kwenye bango na kwenye ukurasa wa kwanza wa ratiba. Picha pekee ya marehemu iliyobaki ilipigwa Tororo mwaka 1974. Ni nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kadi ya posta, na miaka hamsini ya moshi wa jikoni na unyevu wa masika ilikuwa imeigeuza rangi ya chai ya maziwa. Mjukuu mmoja aliipiga kwa simu, akaipitisha kwenye programu ya bure inayotumia akili unde, na kabla chai haijachemka akawa na babu mpya: ngozi laini, macho yanayong'aa, meno yote mdomoni.

Marehemu hakuwa na meno yote mdomoni. Meno ya mbele ya chini aling'olewa akiwa kijana, kama walivyofanyiwa wengi wa rika lake katika ukanda huu wa ziwa, Wajaluo wakiwa ndio wanaojulikana zaidi kwa desturi hiyo. Katika picha ya 1974 anatabasamu, na pengo linaonekana wazi. Programu ililiona pengo, ikalihesabu kuwa uharibifu wa karatasi, ikaliziba.

Wala haikuishia hapo. Marehemu alikuwa mfanyakazi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na katika picha amevaa kofia ya kazi yenye beji. Kwenye karatasi, ukitumia lenzi, maandishi ya beji bado yanasomeka. Kwenye simu yalikuwa yamegeuka mikunjo isiyo ya lugha yoyote.

"Hiyo beji ndiyo hati iliyobaki nyumbani," anasema binti wa marehemu, mfanyabiashara anayenunua mukene upande wa Uganda na kuwauzia Wakenya, ambao samaki huyo huyo humwita omena. Aliomba jina lake lisitajwe kwa kuwa jambo lenyewe ni la familia. "Ukiifuta beji, baba amekuwa mtu yeyote tu aliyevaa kofia."

Shirika hilo la reli lilizaliwa 1969, shughuli za reli na za bandari zilipotenganishwa, na likafa pamoja na Jumuiya ya kwanza mwaka 1977. Wafanyakazi waliokuwa Tororo, Kisumu, Tabora na Nairobi wakajikuta kila mmoja ni raia wa nchi yake, na wengine wakarudi nyumbani na sanduku moja. Kwa hiyo picha za aina hii zinapatikana katika nyumba nyingi za mpakani: baba au babu ndani ya sare ya shirika lisilokuwepo, akiwa amesimama katika mji ulio ng'ambo ya kizuizi. Ikumbukwe pia kwamba mpaka wenyewe ulihama. Hadi mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika Naivasha, na Samia nzima ilikuwa ndani yake. Ni karatasi ya watawala iliyowagawa ndugu, na sasa ni vikaratasi vya studio vinavyosaidia kuwaunganisha.

Kazi ya kusafisha picha kama hizo imekuwa biashara ndogo ya kudumu. Maduka yanayochapa mabango, fulana na ratiba za mazishi yako Busia zote mbili, na mteja huja na haraka kwa sababu maiti haisubiri. Haraka hiyo ndiyo inayofanya kitufe kimoja cha simu kionekane kuwa suluhisho.

Aliyefifia hajapotea

Binti wa marehemu alipanda taksi hadi Tororo, mji ilikopigwa picha. Alikuwa na tumaini dogo kwamba studio ingali na filamu yake. Nyuma ya karatasi kuna mhuri uliofutika nusu. Neno Tororo linasomeka, jina la studio halisomeki. Mtaani hakuna aliyeikumbuka. Studio nyingi za miji ya Uganda zilikuwa mikononi mwa Wahindi hadi Agosti 1972, Idi Amin alipowapa siku 90 waondoke, na zilizobaki zikabadilisha wenyewe mara kadhaa tangu hapo. Filamu hazikuwa mali ya kupigania.

Hata hivyo kuulizia filamu si ujinga. Negativu iliyotunzwa mara nyingi ina picha nzima kuliko karatasi iliyochapwa kutoka kwake, kwa kuwa haikukaa ukutani wala haikupita mikononi. Mfano mkubwa uko Kampala. Mwaka 2015 katika ofisi za shirika la utangazaji la taifa, UBC, liligunduliwa kabati lenye negativu zipatazo 70,000, nyingi za enzi ya Amin. Kazi ya kuziskani ilianza 2018, UBC likishirikiana na vyuo vikuu vya nje, na Mei 2019 baadhi zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Nyuso za watu waliopigwa picha hizo zilitoka safi bila programu yoyote kuwabunia macho.

Asiye na negativu hana budi kufanya kazi na karatasi. Ndivyo alivyomwambia fundi wa picha aliyempata, kijana mwenye chumba kidogo cha kompyuta, mashine ya kuskani na pazia la kitambaa cha buluu kwa ajili ya picha za pasipoti. Jambo la kwanza alilofanya fundi huyo lilikuwa kuzuia. Mama alitaka picha ipigwe laminesheni kwanza isizidi kuharibika. Fundi alikataa: joto la mashine ile huunganisha plastiki na picha moja kwa moja, na hakuna anayeweza kuitoa baadaye. Kwa picha iliyogandia kioo cha fremu alisema vivyo hivyo: usiibandue, iskani ikiwa ndani ya kioo chake.

Kisha akamweleza jambo ambalo wauzaji wa vitufe vya simu hawalisemi. Picha iliyofifia haijapotea. Sehemu kubwa ya picha bado imo kwenye karatasi, ila imefinywa katika eneo jembamba kati ya giza na mwanga, kama sauti iliyopunguzwa kwenye redio. Kazi ya kwanza ni kuongeza sauti. Kubuni maneno hakuhitajiki.

Picha za rangi hufifia kwa mpangilio unaojulikana. Zimejengwa kwa tabaka tatu: sayani, ile samawati ya wachapishaji, majenta, ile waridi iliyokolea, na manjano. Katika karatasi za miaka ya 1970, zikikaa gizani ndani ya albamu, sayani hudhoofika kabla ya wenzake. Ndiyo maana harusi za miaka hiyo zinaonekana kana kwamba zote zilifungwa wakati wa machweo, wekundu mtupu. Picha iliyoning'inizwa penye jua hufuata njia nyingine: mwanga hula majenta na manjano, inabaki buluu, kama mabango ya mitindo ya nywele kwenye madirisha ya vinyozi.

Nyeusi na nyeupe ni chembe za fedha. Hewa chafu, moshi na dawa ya kusafishia ambayo studio haikuisuuza vizuri huzigeuza chembe hizo kuwa kahawia, kisha manjano. Hapa kuna siri moja yenye faida. Kwa kuwa picha iliyobaki ni ya manjano, na manjano huzuia mwanga wa buluu, mstari wa shavu usioonekana kwa jicho huweza kuonekana ukitazama sehemu ya buluu peke yake kwenye kompyuta. Kwa hiyo hata picha nyeusi na nyeupe iskaniwe kwa rangi. Anayechagua nyeusi na nyeupe kwenye mashine ili kupunguza ukubwa wa faili anatupa nusu ya dawa.

Fundi aliiskani kwa 600 dpi, akaihifadhi kama TIFF. Kwa picha ya sentimita 9 kwa 13 faili kama hilo ni takriban MB 20, mzigo mkubwa kwa simu lakini si kitu kwa flashi. Kwa picha ndogo ya pasipoti hupanda hadi 1,200. Faili hilo la kwanza haliguswi tena. Kazi yote hufanywa kwenye nakala. Mashine nyingi za Epson huja na programu yake yenye kisanduku kiitwacho Color Restoration, ambacho hurudisha rangi papo hapo wakati wa kuskani. Kwa picha za rangi kinafaa kujaribiwa, mradi nakala isiyoguswa ichukuliwe kwanza.

Programu tano, mdomo mmoja

Faili hilo hilo la baba wa reli lilipitishwa kwenye programu tano siku hiyo, mama akiwa amekaa pembeni. Matokeo hayakufanana hata kidogo.

GIMP ndiyo iliyokuwa tayari kwenye kompyuta ya fundi. Ni ya bure kabisa, ilianza kutolewa 1996 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na haiulizi intaneti baada ya kusakinishwa. Inakubali kompyuta za zamani, zile za mitumba zinazoshushwa Mombasa na kupandishwa hadi huku. Kazi kuu hufanyika mahali paitwapo Levels. Pale huonekana mchoro kama kilima unaoonyesha picha imekusanyika wapi kati ya nyeusi na nyeupe. Kwa picha ya rangi, fundi huchagua nyekundu peke yake, husogeza ncha mbili hadi mwanzo na mwisho wa kilima, kisha hufanya hivyo kwa kijani na buluu. Dakika tano, na machweo ya harusi yanakuwa mchana. Kwa baba wa reli, alizitenga rangi tatu, akachukua ya buluu, akainyoosha. Shavu likarudi. Beji ikarudi. Pengo la meno likabaki pengo.

Madoa na mikwaruzo aliyatoa kwa kifaa cha kuponya, ambacho huchukua chembe za jirani na kufunika jeraha. Kifaa hicho huenda pale tu kinapopelekwa. Hakiwezi kuingia mdomoni mwa mtu bila mkono wa fundi kukiingiza, na ndiyo tofauti yote. Ubaya wa GIMP ni kwamba inadai kujifunza. Vifungo vyake havijapangwa kwa anayekuja mara moja, na saa mbili za kwanza humkatisha mtu tamaa.

Photoshop, iliyotoka mara ya kwanza 1990, bado ndiyo kipimo. Kila kinachofanywa na GIMP inakifanya kwa urahisi zaidi, na kujaza pembe iliyochanika hakuna inayoifikia. Ina pia kichujio cha akili unde cha kufufua picha. Wengi hawajui kwamba kichujio hicho kina vidhibiti kadhaa vinavyosogezwa kimoja kimoja: kimoja ni cha mikwaruzo, kingine cha uso. Anayesogeza cha mikwaruzo na kuacha cha uso kwenye sifuri hupata msaada bila kubuniwa mtu. Kikwazo ni malipo. Inalipiwa kila mwezi kwa kadi, na kwa duka linalohudumia picha nne au tano kwa wiki hesabu hiyo haifungi. Zipo nakala za wizi zinazozunguka kwenye flashi pande zote mbili za mpaka. Mwenye duka anayeziweka kwenye kompyuta ile ile anayoandikia hesabu za pesa za simu anaikaribisha hasara ya aina nyingine, maana virusi huingia kwa mlango huo.

Photopea inashangaza. Hufunguka ndani ya kivinjari kama ukurasa wa kawaida, inafanana na Photoshop karibu kila kitufe, na ni ya bure kwa anayevumilia matangazo. Wengi hudhani picha hupelekwa mbali. La, kazi hufanyika kwenye kompyuta ya mtumiaji yenyewe. Kwa mtu anayekodi kompyuta saibakafe na haruhusiwi kusakinisha kitu, ndiyo jibu. Matokeo yake kwa baba wa reli yalikuwa sawa na ya GIMP. Tofauti ilikuwa kwamba mtandao ulikatika katikati wakati ukurasa ungali unafunguka, ikabidi kuanza upya.

Snapseed ni ya simu na ni ya bure. Watu huitumia kung'arisha picha za bidhaa bila kujua kwamba ndani yake kuna kifaa cha mikunjo, Curves, kinachoweza kushughulikia nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, kama kwenye kompyuta. Haihitaji intaneti kufanya kazi. Kwenye kidole, hata hivyo, kuponya mkwaruzo uliopita juu ya jicho ni kubahatisha, na mama aliona jicho la kushoto likichafuka mara tatu kabla fundi hajarudi nyuma. Kwa picha iliyofifia tu, isiyochanika, mfanyabiashara asiye na kompyuta hana haja ya zaidi ya hiyo.

La tano ni kundi zima la programu za kitufe kimoja, Remini ikiwa jina linalojulikana zaidi. Hizi hupeleka picha kwenye mitambo ya mbali na kurudisha uso uliokazwa. Kuzidharau kabisa si haki. Kwa picha ya juzi iliyotikisika, ya mtu aliye hai anayeweza kusema "huyu ni mimi", zinafanya maajabu. Hatari huja pale ambapo karatasi haina tena habari za kutosha na hakuna shahidi.

Sababu yake si uchawi. Programu ya aina hii hufundishwa kwa nyuso nyingi, kisha inapokutana na uso hafifu huuliza: nyuso nilizowahi kuona hapa huwa na nini? Chukua GFPGAN, programu huria ya kufufua nyuso iliyotolewa 2021 na watafiti wa kampuni ya Tencent ya China. Ilifundishwa kwa mkusanyiko wa nyuso 70,000, idadi ileile ya negativu za Kampala, lakini hizi zilichukuliwa kwenye mtandao wa picha wa Flickr. Ni watu wa zama hizi, wenye kamera nzuri, wanaotabasamu na meno yao yote. Mzee wa Samia aliyeng'olewa meno ya chini katika ujana wake hamo. Kwa hesabu ya mashine, pengo ni kosa. Chale za shavuni nazo huweza kuhesabiwa mikwaruzo, na ngozi iliyokomaa kwa jua huweza kusafishwa hadi imfanye mtu kijana, wakati mwingine mweupe kuliko alivyokuwa. Maandishi madogo ndiyo huumia kabisa, kwa kuwa mashine huchora umbo la herufi bila kujua kusoma.

Mama alipoonyeshwa picha tano zikiwa zimepangwa kwenye kioo, aliinyooshea kidole ya Photopea, kisha ya GIMP, kisha ya Photopea tena. Ya tano alisema ni ya mtu mzuri. "Lakini si wa kwetu."

Kuvuka na picha

Kwa wafanyabiashara wanaovuka kila siku kuna mambo mengine ambayo hayahusu kompyuta. La kwanza ni WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na fundi anapokea kivuli cha faili. Itumwe kama waraka, yaani kwa kitufe kile kile kinachotumika kutuma ankara, na itafika kama ilivyo. Faili la MB 20 likishindikana, flashi haijapitwa na wakati.

La pili ni mtandao wenyewe. Busia ni mahali ambapo simu hudaka minara ya nchi jirani mtu akiwa amekaa dukani kwake. Programu inayopeleka picha mbali inaweza kula bando kwa bei ya ugenini bila mwenyewe kujua. Aliyeko karibu na mpaka achague mtandao kwa mkono kabla ya kupakia chochote.

La tatu linawahusu wanaotaka kuingia katika biashara hii. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mashine ya kuskani iliyotengenezwa Asia na kununuliwa Nairobi haiwi ya Afrika Mashariki kwa sababu risiti ni ya Nairobi. Wapo waliofika kwenye kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, wakiwa na cheti cha mahindi mkono mmoja na mashine mkono wa pili, wakidhani vyote viwili vinapita dirisha moja. Picha za familia, kwa upande wake, ni mali binafsi. Hakuna wa kuzitoza.

Na kwa anayepeleka picha ya mzazi kwenye ofisi ya vitambulisho au mbele ya wazee wa ardhi kuonyesha ukoo, aende na karatasi yenyewe pamoja na nakala ile ya kwanza isiyoguswa, hata kama imefifia. Picha iliyong'arishwa ni ya ukutani. Afisa akishagundua kwamba kitu kimoja kimechorwa, atashuku na kile ambacho hakikuchorwa.

Wachapishaji wa mabango wana hoja yao pia, na si ya kupuuzwa. Bango la mita mbili likichapwa kutoka picha ndogo lazima uso uwe na ukungu kidogo, na wafiwa hulalamika. Mteja anataka marehemu ang'ae kama alivyong'aa jirani yake wiki iliyopita. Fundi wa Tororo hujibu kwa kupunguza ukubwa: uso wa sentimita 40 ulio wa kweli, na pembeni maandishi makubwa. Si kila mteja hukubali, na yeye mwenyewe anasema wako waliokwenda duka la pili.

Kwa baba wa reli alifanya kazi kwa saa tatu hivi. Alinyoosha mwanga, akatoa ukungu wa madoa kwenye ukuta wa nyuma, akaponya mkunjo uliopita kifuani. Pembe ya chini kushoto, iliyoliwa na mchwa, aliiacha nyeupe. Mama aliuliza kwa nini asiijaze, maana alikuwa ameona kompyuta ikiweza. Fundi alimuuliza kulikuwa na nini pale. Mama hakujua, labda kiti, labda mkono wa mtu mwingine aliyesimama kando. Wakaiacha.

Siku mbili baadaye alivuka nayo, imebanwa kati ya kadibodi mbili ndani ya mfuko wa mukene ambao haukuwa na mukene, hadi kwa shangazi. Vijana walimsogezea kiti mlangoni penye mwanga. Alianza na mdomo. Akapitisha kidole juu ya kofia, bila kugusa karatasi. Akauliza kama zinaweza kutoka mbili, moja ibaki Uganda na nyingine iende kwa watoto wa Kenya, akaambiwa zinaweza kutoka hata kumi.

Ndipo akainuka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na picha kumi na moja ambazo hakuna mtu katika familia aliyejua kuwa zipo, nyingine zimeshikana, nyingine zimekuwa nyekundu kabisa. Akaiweka mapajani mwa mpwa wake. "Hizi nazo," alisema. "Na mwambie kijana asiwaongezee meno."